Mafuta ya taa yalivyoingia kwenye tangi la dizeli

Juni 2011, Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo aliposimama bungeni Dodoma kusoma bajeti, masikio ya wengi yalikuwa yakisubiri bei ya bia, soda na sigara, kama ilivyo kila mwaka. Jambo zito lilikuwa kwenye kipengele cha mafuta. Ushuru wa bidhaa kwa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30, karibu mara nane kwa mkupuo mmoja. Ushuru wa dizeli ukashushwa kutoka shilingi 314 hadi 215. Asiyejua yaliyokuwa yakitendeka kwenye vituo vya mafuta angedhani waziri amepotea njia: mwenye lori anapewa nafuu, bibi wa kijijini mwenye koroboi anatwishwa mzigo.

Waziri alijua anachofanya. Nchi ilikuwa imefika mahali ambapo sehemu isiyo ndogo ya mafuta ya taa yaliyoshushwa bandarini hayakuwasha taa wala jiko. Yaliishia kwenye matangi ya malori, daladala na magari ya watu binafsi, yakiwa yamechanganywa na dizeli au petroli. Namna yalivyofika huko ni kisa kirefu, nacho kinaieleza sera ya mafuta ya Tanzania vizuri kuliko hotuba nyingi za siku ya mazingira.

Mafuta ya taa ni mgeni wa zamani aliyegeuka mwenyeji. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 yalikuwa yakishuka Unguja kutoka Marekani, ndani ya madebe ya bati ya galoni nne, mawili kwa kila kasha la mbao. Kabla yake watu wa pwani waliwasha taa za mafuta ya nazi na ufuta. Haya mapya yalikuwa na mwanga mkali zaidi, na chombo chake kilikuwa na faida kuliko hata kilichokuwamo. Debe tupu lilichotea maji, lilipima mahindi na mpunga sokoni, na likikatwa na kunyooshwa liliezeka paa. Hadi leo mkulima wa Mbeya au Songea anauza mahindi kwa debe, ingawa debe lenyewe siku hizi ni ndoo ya plastiki. Mafundi bati nao wakachukua makopo, wakayatia utambi, koroboi ikapatikana. Aliyejiweza kidogo alinunua taa ya chemli yenye kioo.

Uhuru ulipokuja, hakuna mwanasiasa aliyetaka kuigusa koroboi. Sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa vilikuwa kundi moja, bidhaa ambazo zikiadimika serikali inasemwa vibarazani. Mwaka 1973 ilipoanzishwa Tume ya Bei ya Taifa, kupanga bei kukawa kazi ya dola, na kanuni kuhusu mafuta ilikuwa wazi hata pasipo kutamkwa: mwenye gari ana uwezo, alipe, mwenye taa ni mnyonge, aachwe.

Mwaka huohuo dunia ikageuka. Nchi za Kiarabu zilipobana mafuta kwa sababu ya vita vya Oktoba na Israeli, pipa lililouzwa kwa kama dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichojengwa na Waitaliano Kigamboni katika miaka ya 1960, kilihitaji mafuta ghafi yanayolipiwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitoka kwenye kahawa, pamba na katani ambazo bei zake hazikupanda kwa kasi hiyo. Kabla majeraha hayajapona, likaja pigo la pili: mapinduzi ya Iran ya 1979, yaliyosadifiana na vita vya kumng'oa Idi Amin. Magari ya jeshi yalikunywa mafuta ambayo nchi haikuwa nayo.

Ndipo ikaja ile amri ambayo wazee wa mjini huisimulia wakicheka: magari binafsi marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Aliyechelewa kutoka harusini alikuwa na kazi ya kumweleza trafiki. Huenda hiyo ndiyo sera kali kuliko zote za kupunguza moshi wa magari kuwahi kutekelezwa Tanzania, na haikuwa na uhusiano wowote na moshi. Ilikuwa sera ya nchi isiyo na dola.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta ya taa yenyewe yalipangiwa foleni. Watu walisubiri na vidumu vyao kwenye maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa. Hata hivyo, kuyachanganya na dizeli kwa wingi hakukuwa rahisi, kwa sababu kila lita ilipita mikononi mwa watu wachache wanaojulikana. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, ndilo lililoleta mafuta ghafi, TIPER ikasafisha, makampuni machache yakasambaza. Wizi ulikuwepo, ila ulikuwa wa debe na pipa. Ulikuwa bado haujafikia lori zima la tangi.

Mambo yalibadilika mwaka 2000. Serikali ilifungulia biashara ya mafuta, TIPER ikaacha kusafisha na kubaki ghala, na kampuni yoyote yenye leseni na mtaji ikaweza kuagiza mafuta yaliyokwisha safishwa. Sheli zikaota kandokando ya barabara kuu, nyingine zikiwa na pampu mbili na kibanda cha bati. Foleni zikaisha. Kwa aliyeishi miaka ya 1980 hayo yalikuwa mafanikio, wala si haki kuyabeza. Lakini ile kanuni ya zamani, kwamba mwenye taa aachwe, ilibaki kwenye vitabu vya kodi, na sasa soko lilikuwa limejaa watu wanaojua kusoma vitabu hivyo.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kabla ya Juni 2011 lita ya dizeli ilibeba ushuru wa shilingi 314, pamoja na tozo ya barabara ya shilingi 200: jumla 514. Petroli ilibeba zaidi kidogo. Lita ya mafuta ya taa ilibeba 52. Tofauti kati ya dizeli na mafuta ya taa ni shilingi 462. Chukua lori la lita 30,000, toa lita 9,000 za dizeli, weka lita 9,000 za mafuta ya taa. Umepata zaidi ya shilingi milioni nne katika safari moja, bila kumnyang'anya mtu mkoba barabarani. Na mwenye kituo hakuhitaji mtambo wala mtaalamu. Alihitaji usiku mmoja na mpira wa kuhamishia mafuta.

Maumbile nayo yaliwasaidia. Mtamboni, mafuta ya taa na dizeli hutoka jirani kwa jirani, kwa hiyo ukiyachanganya hayatengani kama maji na mafuta. Rangi hubadilika kidogo tu, na injini haizimiki papo hapo. Madhara huja polepole. Pampu ya dizeli hujilainisha kwa dizeli yenyewe, hivyo mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na makavu zaidi, huacha vyuma visagane. Nozeli huanza kunyunyiza vibaya, gari hupoteza nguvu mlimani, moshi huongezeka. Kwenye petroli hali ni mbaya zaidi: injini hugonga, plagi huchafuka, na mafuta ambayo hayakuungua hutoka na moshi wenye harufu ambayo abiria wa daladala waliifahamu fika. Wa kwanza kujua ukubwa wa tatizo alikuwa fundi wa gereji. Pampu zilezile zilirudi mezani kwake, na mwenye gari akamshuku yeye.

Mtaani mchezo huu uliitwa kuchakachua, na ulienea kiasi kwamba baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2010 watu hawakusema kura zimeibwa, walisema zimechakachuliwa.

Kulikuwa na mlango wa pili, pengine mpana kuliko wa mafuta ya taa. Bandari ya Dar es Salaam inalisha Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na mafuta ya nchi hizo hupita bila kulipiwa kodi za Tanzania. Lori lililoandikiwa Lubumbashi lingeweza kumwaga mzigo kabla ya kufika Tunduma. Karatasi zikagongwa mihuri, mafuta yakauzwa Morogoro. Mnunuzi hapa alipata dizeli safi kabisa; aliyeibiwa ni mfuko wa barabara anayoipita.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliyoanza kazi 2006, iliikuta hali hiyo. Ilifunga vituo, ikatoza faini, ikatangaza majina magazetini. Vituo vilifunguliwa tena, na faini ikaingizwa kwenye gharama za biashara. Septemba 2010 ikaja mbinu ya kisayansi: vinasaba. Mafuta yaliyolipiwa kodi kwa soko la ndani hutiwa ghalani kiasi kidogo mno cha kemikali maalumu. Ya kwenda nje hayatiwi. Mkaguzi akifika kituoni anachota sampuli na kupima. Vinasaba vikiwa pungufu, mafuta yamezimuliwa. Visipokuwepo kabisa, mafuta hayo yalitakiwa yawe nje ya nchi. Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS.

Mbinu ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa mbinu ya kukimbizana. Mkaguzi hawezi kulala kwenye kila kituo kutoka Kyaka hadi Masasi. Bajeti ya 2011 iliamua kuondoa faida yenyewe. Rudia hesabu kwa viwango vipya: dizeli 215 na tozo 200 ni 415, mafuta ya taa ni 400.30. Pengo limebaki shilingi 14 na senti 70. Hakuna mtu atakayekesha na mpira kwa pesa hiyo.

Miezi miwili baadaye nchi ilionja ugomvi wa bei hadharani. EWURA ilikuwa ikipanga bei kikomo tangu 2009, na Agosti 2011 ilizishusha kwa kubadili kanuni ya ukokotoaji. Makampuni yakasema ni hasara, pampu zikanyamaza. Kwa siku kadhaa Dar es Salaam ilirudi miaka ya 1980, na foleni za vidumu na magari yakisukumwa. Wabunge waliwaka Dodoma. BP Tanzania, kampuni ambayo nusu ya hisa zake zilikuwa za serikali yenyewe, ikasimamishwa leseni kwa miezi mitatu. Mwaka uliofuata uagizaji wa pamoja ulikuwa umeshaanza: badala ya kila kampuni kuleta meli yake, mahitaji yanajumlishwa, zabuni inatangazwa, meli moja inaleta ya wote. Ni mageuzi ya maana, kwa sababu serikali iliweza kujua ni lita ngapi zimeingia na kwa bei gani. Kabla ya hapo ilikuwa ikiambiwa.

Na mafuta ya taa? Uagizaji wake uliporomoka. Watetezi wa bajeti ile waliushika ukweli huo kama ushahidi: tazama, kumbe hayakuwa ya wanyonge. Wana haki kwa sehemu. Lakini ndani ya takwimu hiyo moja kulikuwa na watu wa aina mbili, mwizi aliyeacha kununua kwa sababu biashara imekufa, na mama aliyeacha kununua kwa sababu bei imemshinda. Kwenye karatasi za bandari hawatofautiani.

Kwa upande wa taa, bahati ilimwangukia waziri. Miaka hiyohiyo tochi na taa ndogo za sola kutoka China zilijaa madukani kwa bei ambayo hata kijana wa machungani aliimudu. Koroboi ikaanza kuondoka. Kuondoka kwake kulikuwa na faida ambayo bajeti haikuitaja: mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walipima taa za utambi na kukuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua humo hugeuka masizi meusi, ambayo huingia mapafuni mwa mtoto anayesoma na pia hulipasha joto anga. Mwaka 2013 kila lita ya mafuta ilianza kukatwa shilingi 50 kwa ajili ya umeme vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ikasukuma nguzo na nyaya hadi serikali ikatangaza kwamba karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Kuunganishwa kukawa shilingi 27,000. Ukilitazama hivyo, mafuta yaligharimia kifo cha mafuta ya taa.

Jikoni mambo hayakwenda hivyo. Mjini, mafuta ya taa hayakuwa ya kibatari tu. Yalikuwa ya jiko la mchina, lile la tambi nyingi lililopikia chai ya alfajiri katika vyumba vya kupanga vya Manzese, Tandale na Mbagala. Mpangaji alinunua mafuta ya kutosha siku hiyo, akapika, akazima. Gesi ilimtaka awe na mtungi na pesa ya kuujaza kwa mkupuo. Mkaa unauzwa kwa kopo, hata kwa wa kipato cha siku.

Ni lazima kutenda haki hapa: mkaa haukuanza kushinda mwaka 2011. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2009 ilionyesha kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na jiji hilo peke yake lilikadiriwa kutumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Maji yalikuwa yameshaanza kuteremka. Bajeti ya Mkulo ilichofanya ni kubomoa ukingo uliobaki. Nishati pekee ya kupikia iliyouzwa kwa kipimo kidogo na kushindana na mkaa iliongezewa karibu shilingi 350 kwa lita, huku mkaa mwingi ukiingia mjini usiku kwa pikipiki na malori bila kulipa kitu. Injini za dizeli zikapona. Misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi ikaendelea kulipa. Sera iliyosafisha moshi wa barabarani ilichangia kuongeza moshi wa jikoni, na hilo halikujadiliwa kwa uzito wake, kwa sababu dizeli ilikuwa kazi ya wizara moja na miti kazi ya wizara nyingine.

Kenya ilipita njia hiyohiyo miaka saba baadaye. Huko nako mafuta ya taa ya bei nafuu yalikuwa yakichanganywa kwenye dizeli, na mwaka 2018 serikali ilikuja na tozo iliyoitwa waziwazi ya kuzuia uchakachuaji, shilingi 18 za Kenya kwa lita. Waliolia walikuwa wakazi wa Mathare na Kibera, ambako jiko la mafuta ya taa lilikuwa jiko la kawaida kabisa. Inashangaza kwamba Nairobi ilikuwa na mfano wa jirani wa kujifunza na bado ikaanza na nusu ya somo.

Tanzania imerudi jikoni kwa kuchelewa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuifikisha kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na siku chache baadaye akawa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu suala hilohilo. Mitungi ya gesi imegawiwa kwa ruzuku, taasisi kubwa zimeamriwa kuacha kuni na mkaa. Mpango huu ulipaswa kuwa ukurasa wa pili wa bajeti ya 2011. Umekuja miaka kumi na mitatu baadaye.

Barabarani, wakati huohuo, mafuta mengine yenye kodi ndogo yamepata wapenzi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 katikati ya shida ya mafuta na kufika Dar es Salaam miaka thelathini baadaye, sasa inajazwa kwenye magari na bajaji. Bei ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Madereva wengi hawakusubiri ruzuku nyingine: walifunga mitungi ya gesi kwenye buti na kupanga foleni kwenye vituo vichache vilivyokuwepo. Gari la gesi hutoa moshi mchache na humgharimu dereva kidogo. Pia halikuwa likilipa tozo ya barabara inayokatwa kwenye lita ya petroli, na Hazina ililiona hilo haraka. Juni 2024 lilipelekwa bungeni pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, likazua mjadala mkubwa.

Hoja ya Hazina ina msingi, maana lami haijui gari limejazwa nini. Lakini kodi ya nishati haimwachi mtu palepale alipokuwa. Humhamishia kwenye nishati nyingine, na mara nyingi ile iliyo chafu zaidi na isiyokaguliwa. Mwaka 2011 waziri alijua mwenye lori atakwenda wapi, hakuuliza mpika chai wa Tandale atakwenda wapi. Wanaopanga tozo ya gesi, na kesho ya umeme wa magari, wawawekee wabunge mezani hesabu hiyo ya pili kabla ya kupiga kura.